Milima Tuliyoiendea kwa Hiari

Mama alikuwa anakunja nguo sebuleni kwake Okolona, mtaa wa mji wa Louisville huko Amerika, tulipomwambia kwamba mimi na mume wangu tungekwenda likizo Kirigizistani kuteleza kwenye theluji. Alikuwa ametoka zamu ya alfajiri katika ghala anakofunga vifurushi, na bado alikuwa na ile fulana ya manjano inayong'aa, kwa kuwa hakuwa amepata nguvu ya kuivua.

"Huko ni wapi?" aliuliza.

Mume wangu alimwonyesha ramani kwenye simu. Alimweleza jinsi anavyoeleza kila kitu anachokipenda, haraka haraka, mikono ikipanda na kushuka. Milima mirefu katikati ya Asia. Hakuna barabara, hakuna hoteli, hakuna mitambo ya kumbeba mtu mpaka kileleni. Mnapanda wenyewe asubuhi nzima, skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, zimebandikwa ngozi maalumu upande wa chini ili zisirudi nyuma. Mkifika juu mnazibandua ngozi, mnashuka kwenye theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Usiku mnalala katika hema la sufu lenye jiko katikati.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Donc munaenda ku mulima, mu baridi, na hakuna mutu mwenye kuwafukuza?"

Mume wangu alicheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Mama hakuwa na tabia ya kutania juu ya milima.

Sisi tunatoka nyanda za juu za Kivu Kusini, mahali ambapo watu wasiopajua hawaamini kwamba Kongo ina baridi kiasi hicho. Kwetu ni nyasi, ukungu na ng'ombe. Tulipokimbia watu wenye bunduki nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yamedondoka na mapya hayajaota. Tulitembea kwenye ukungu tukifuata mabonde, tukilala mchana na kutembea giza likiingia, na ninachokikumbuka zaidi ni kiganja cha mama juu ya mdomo wangu. Nilikuwa na kikohozi. Kila kilipokuja, kiganja kile kilikuja pia, kikanibana mpaka machozi yanitoke. Tulipofika chini, baba alirudi juu kutafuta ng'ombe wetu, na hatukumwona tena. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyowaambia wengine kwa miaka yote. Baadaye ikaja kambi ya wakimbizi, na baada ya kambi ikaja Louisville, nikiwa msichana mkubwa anayeona haya kukaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye.

Mume wangu ni Mkenya, mtoto wa wakulima wa viazi kule Nyandarua. Alikuja Amerika, mji wa Columbus, kusomea uhandisi. Majira yake ya kwanza ya baridi, wanafunzi wenzake walimpeleka kwenye kilima kimoja nje ya mji, wakamfunga skii miguuni na kumsukuma. Alianguka siku nzima. Kesho yake alirudi peke yake. Tulikutana hapo hapo Columbus, kwenye mkutano wa makanisa ambako kwaya yetu ya Louisville ilikuwa imealikwa kuimba. Alinisikia nikisema "bon" na "donc" za Kifaransa kila baada ya maneno mawili, akaniuliza kama Kiswahili chetu kilikuwa kimepitia Paris kabla ya kufika Amerika. Nikamwambia chake kilikuwa kimelala njiani. Kiswahili ninachoandikia hapa nimekipata nusu kwa mama na nusu kwake.

Alipopata kazi Buffalo tulihamia Kenmore, kijiji kilichoshikana na mji upande wa kaskazini. Mimi ni muuguzi; nafanya kazi katika kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Buffalo hupata theluji ambayo ziwa huirusha juu ya mji kana kwamba limekasirika, na watu wengi wa kwetu waliohamia huko hujifungia ndani wakihesabu wiki. Mume wangu yeye alikuwa akifungua pazia asubuhi na kusema, kwa kiapo chao Wakenya, "Aki, angalia!" Alinifundisha kuteleza kwenye vilima vya kusini mwa mji. Nilichukia. Kasi ilinitia kichefuchefu. Lakini siku moja alinikodia zile skii za kupandia, tukapanda polepole katikati ya miti wakati mitambo yote imefungwa, na nikagundua kwamba kupanda nakupenda. Pumzi inajipanga yenyewe, mguu mmoja unateleza mbele, halafu mwingine, na kichwa kinanyamaza. Tukawa tunataniana kwamba kupanda ni kwangu na kushuka ni kwake, kwa hiyo hatutagombana.

Basi baada ya miaka michache ya vilima vidogo ndipo alipoona picha za Kirigizistani, na hakuweza tena kulala vizuri.

Tulimwacha binti yetu kwa mama, Okolona. Alikuwa darasa la pili. Mama anamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mwenye matatizo. Wakati wa kuagana mama hakusema neno baya. Alisema tu, "Bon. Mutoto atabakia na miye," akafunga mlango kabla gari halijaondoka. Mume wangu alinishika mkono tukiwa barabarani, akaniambia mama atazoea.

Tulifika kijijini huko Kirigizistani baada ya safari ndefu ya ndege na nyingine ndefu zaidi ya gari dogo lililojaa mizigo. Kiongozi wetu alikuwa mwanamume wa makamo aliyekulia kwenye kuchunga, mwenye uso ulioungua kwa jua la theluji, isipokuwa mahali miwani inapokaa. Alijua Kiingereza kidogo, na kile alichokijua alikitumia vizuri. Wageni wengine walikuwa wanne, wote kutoka Ulaya, watu wapole waliokuwa wamefanya safari kama hizo mara nyingi. Kabla ya kupanda kwenye kambi ya hema milimani tulilala kwanza nyumbani kwa kiongozi.

Nilipoingia mlangoni kwake nilisimama. Nyumba ilinukia moshi wa samadi kavu na maziwa. Mkewe alikuwa amekaa chini akimimina chai yenye maziwa na chumvi, na kupitia dirisha dogo niliona ng'ombe wamesimama kwenye theluji, mvuke ukiwatoka puani. Machozi yalinishuka. Yule mama akanisogezea kiti, mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni moshi. Sikuwa na njia ya kumweleza. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu nikiwaambia watu kwamba kwetu hakupo tena, na hapa palikuwa na watu wenye macho tofauti, lugha tofauti na Mungu wanayemwita kwa jina jingine, wanaishi ndani ya harufu ya kwetu, na hakuna aliyewafukuza.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sasa inaniwia vigumu kuzikumbuka bila kuona kilichofuata. Tulipanda kila asubuhi kiongozi akiwa mbele, tukiacha nafasi kati ya mtu na mtu. Kila mmoja alivaa kifuani kifaa kidogo kinachotoa mawimbi, ili akifunikwa na theluji wenzake waweze kumtafuta. Mgongoni tulibeba koleo na fimbo ndefu ya kukunja. Kiongozi alitufanyisha mazoezi ya kutafuta kifaa alichokizika, akatufanyisha tena, na mume wangu alimnong'oneza mmoja wa Wazungu kwamba tutamaliza likizo bila kuteleza. Walicheka. Kiongozi hakugeuka, lakini nadhani alisikia.

Halafu ukaja upepo. Uliupiga ukuta wa hema usiku mzima, na asubuhi mbingu ilikuwa safi kabisa, ya buluu iliyokolea mpaka inaumiza macho. Kiongozi alichimba shimo kwenye mteremko, akaupapasa ukuta wake kwa vidole kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Alisema upepo umebeba theluji kutoka upande mmoja na kuirundika upande mwingine, na ile iliyorundikwa haijashikana na ya chini. Tungeshuka kwa kufuata mgongo wa kilima, mahali penye miti, mmoja mmoja, katika njia yake yeye. Aliuonyesha mteremko mpana uliokuwa kulia kwetu, mweupe, laini, mzuri kupita yote tuliyokuwa tumeiona, akatikisa kichwa.

Wote tulielewa. Mume wangu pia alielewa. Hilo baadaye alikiri mwenyewe.

Kiongozi alishuka kwanza. Nikafuata mimi, nikiogopa kama kawaida yangu, nikasimama kando yake chini ya miti. Nikainua macho kumtazama mume wangu. Alianza vizuri katika njia ileile. Kisha akakunja kulia. Si mbali, labda urefu wa nyumba mbili tu kutoka kwenye miti. Nilimwona akichora mkunjo mmoja wa ajabu, theluji ikimpanda mpaka kiunoni, na nilisikia akipiga kelele ya furaha.

Sauti iliyofuata ilitoka chini ya theluji. Ilikuwa nzito na fupi, kama gunia la mahindi linapotupwa kwenye sakafu ya chumba cha pili. Ufa ulipita juu yake, na mteremko wote ukaanza kutembea. Ulikwenda polepole mwanzoni. Nilimwona amesimama juu ya kipande kikubwa cha theluji kama mtu aliyesimama juu ya meza, akiangalia huku na huku. Halafu meza ikavunjika, na hakukuwa na mtu.

Kiongozi alinishika bega mpaka kila kitu kilipotulia. Nilijaribu kumponyoka, akanikaza. Aliponiachia alisema neno moja tu: "Tafuta."

Nilibonyeza kifaa changu kiache kutoa mawimbi kianze kuyapokea, tukashuka. Theluji iliyokuwa laini ilikuwa imegeuka mabonge magumu kama mawe. Kifaa kilianza kulia, mara mlio ukawa wa haraka. Kiongozi alipiga magoti, akadunga fimbo yake, akadunga tena, ikagota. Tukachimba. Wageni wengine walifika nao wakachimba. Sikumwomba Mungu. Sikulia. Nilikuwa nachimba kwa mkono ule ule ninaowasafishia wagonjwa damu, na kichwani hakukuwa na mume wangu kabisa. Kulikuwa na ukungu, na kiganja cha mama mdomoni, na mimi nikitaka kukohoa.

Tuliona kofia ya plastiki. Nikaingiza vidole pembeni mwa uso wake, nikaukuta mdomo umejaa theluji. Nikaitoa. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Nikampulizia pumzi nikiwa nimelala kifudifudi ndani ya lile shimo, mwili wake bado umefungwa mpaka kifuani, na kiongozi akiendelea kumchimbua kwa nguvu zake zote. Alipokohoa nilimpiga kofi. Sijui kwa nini. Nilimpiga kofi, halafu nikamshika uso kwa mikono miwili, nikawa namwambia, "Kohoa. Kohoa. Endelea kukohoa."

Bega lake lilikuwa limevunjika. Walimfunga kwenye sleji, chombo cha mbao cha kuburutwa juu ya theluji, farasi akaivuta mpaka kijijini, mimi nikitembea kando. Kiongozi hakumgombeza. Alitembea mbele ya farasi, na tulipofika nyumbani kwake nilimwona ameketi nyuma ya zizi, kichwa kati ya magoti. Nilikaa karibu naye. Alisema, kwa Kiingereza chake kilichovunjika, kwamba mdogo wake alikuwa amefia kwenye mteremko wa jirani akifuata kondoo. "Yeye alikuwa na kazi huko," alisema. Nilitamani angetugombeza.

Tuliporudi hatukumwambia mama. Tulisema mume wangu ameteleza kwenye barafu, jambo ambalo kwa mtu wa Buffalo halihitaji maelezo. Binti yetu tulimchukua, maisha yakaendelea. Bega likafanyiwa upasuaji, likawekwa vyuma, likaanza kupona.

Mwanzo wa kiangazi tulikwenda Columbus, nyumbani kwa kaka yake mume wangu, ambako huwa tunasimama kila tunaposafiri kwenda Louisville. Shemeji alikuwa amewaita Wakenya wengine. Nyama ilikuwa inachomwa nyuma ya nyumba, watoto wanakimbizana, na mtu fulani akamwuliza mume wangu habari za bega. Akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri mno. Aliigiza jinsi alivyosimama juu ya ile theluji kama mwanasiasa juu ya gari la kampeni. Aliigiza uso wa kiongozi. "Huyu mama naye," alisema akinionyesha, "alinichimbua kama kiazi, halafu badala ya kunipa pole akanizaba kofi!" Watu walishika mbavu. Shemeji alilia kwa kicheko. Mke wa shemeji peke yake ndiye aliyenitazama mimi.

Niliingia ndani ya gereji nikakaa juu ya boksi. Baadaye mume wangu alinifuata, sahani ya nyama mkononi.

"Umekasirika?"

"Ulikuwa umekufa," nilimwambia. "Midomo yako ilikuwa ya mtu aliyekufa. Nimeona watu wengi waliokufa. Usinifanye kichekesho."

Aliweka sahani chini.

"Nikiisimulia hivyo ndiyo ninaweza kuibeba," alisema. "Wewe hujui mle ndani kulivyokuwa. Nilikuwa nasikia. Nilisikia makoleo yenu. Nilijaribu kuita na sauti haikutoka hata kwenye koo."

Nilimshika mkono. Ingekuwa imeishia hapo ningeweza kusema kwamba tulipatana. Lakini aliendelea. Alisema alikuwa amemwandikia kiongozi, na kiongozi amekubali. Majira ya baridi yajayo angerudi.

"Kufanya nini?"

"Kushuka tena. Mara moja tu, kwa njia yake. Nikikaa hivi, ule mlima utakuwa umenishinda, nitakuwa mtu wa kuogopa mpaka nizeeke."

"Una mtoto."

"Najua nina mtoto. Na nisipokwenda atakuwa na baba gani?"

Nilimwambia kama akienda asinikute. Yeye akasema mimi ndiye ninayeuleta huo woga, kwamba nimeubeba kutoka kwetu, na si kila mlima una watu wenye bunduki. Alijutia maneno hayo kabla hayajamalizika kutoka, niliona. Lakini yalikwisha toka.

Kesho yake tuliendelea na safari mpaka Louisville, redio ikiimba peke yake. Na ni binti yetu aliyetoboa siri. Alikuwa amesikia habari zote kule Columbus, na mara tu alipovua viatu alimwambia bibi yake kwa Kiingereza kwamba baba alizikwa kwenye theluji na mama akamfukua. Mama anajifanya hajui Kiingereza anapotaka. Hiki alikielewa. Alimtazama mume wangu begani, kisha akaenda jikoni akaendelea kusonga ugali. Tulikula. Alimwekea mkwe wake nyama nyingi kuliko wote, naye alikula akiwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Alasiri mume wangu alimpeleka mtoto kucheza kwenye bustani ya mtaa. Mimi na mama tulibaki nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande kidogo alichopanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharagwe. Alikuwa anachuma majani. Nilimweleza kila kitu: upepo, mteremko, kofi, na kwamba anataka kurudi. Nilimweleza kwa sauti ya mtu anayetaka kuungwa mkono. Nilitaka aseme, mukataze.

Mama aliendelea kuchuma.

"Baba yako," alisema, "hakurudia ng'ombe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ng'ombe zilikuwa zimeisha kukamatwa. Zote. Watu walituambia tungali mu njia. Yeye alijua, miye nilijua."

"Sasa alirudi kufanya nini?"

"Hakuweza kuishi kule chini." Alikusanya majani kwenye sketi yake. "Joto lile, mbu, kelele za watu. Kila asubuhi alikuwa anasimama inje anaangalia mulima. Akaniambia anaenda kuangalia tu kama nyumba ingali. Kuangalia tu. Nikamukataza. Nikamwambia maneno mabaya, kama yeye haiko mwanaume, kama anatupa batoto wake. Asubuhi nikaamuka, hayuko. Alienda bila kuaga."

Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemheshimu baba yangu kama mtu aliyekufa akitafuta maziwa yetu.

"Kwa nini ulituambia ni ng'ombe?"

"Mutoto atafanya nini na ile ingine?" Alinitazama sasa. "Huyu wako ataenda. Naona ku macho. Weye usimukataze. Muache apite ku mulango, wakati wa mchana, mutoto akimwona, amuage. Miye ile ya kuenda bila kuaga ndiyo inaniuma. Kufa, watu wote banakufa."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa kujua nianzie wapi. Nilimkasirikia baba badala yake, kwa majuma mengi, mtu ambaye sura yake naikumbuka kwa picha moja tu iliyochakaa. Kazini niliunganisha wagonjwa kwenye mashine zao na kuwauliza hali, na ndani yangu nilikuwa nagombana na marehemu. Mume wangu alidhani ni yeye ninayemnunia. Ilikuwa kweli pia.

Sikumkataza. Ule ndio uamuzi mgumu kuliko yote niliyowahi kuyafanya, na hata leo sijui kama ulikuwa wa busara au wa uchovu. Majira ya baridi yalipofika alifunga mizigo sebuleni, mchana, mbele ya macho yetu. Binti yetu alimsaidia kukunja soksi. Tulimpeleka uwanja wa ndege wote wawili. Alimkumbatia mtoto, kisha akanikumbatia mimi, akaniambia sikioni, "Nitafuata njia yake." Nikamwambia, "Fuata." Tukarudi Kenmore tukapika chapati.

Wiki ile nililala vibaya kuliko ninavyoweza kueleza. Simu ilipolia mara ya kwanza niliogopa kuipokea, nikamwachia mtoto.

Mume wangu alirudi mzima. Alikuwa amekonda kidogo, ndevu zimemjaa, na hakuwa na jambo la kusimulia. Nilisubiri. Shemeji alipiga simu kutoka Columbus akitaka kusikia vituko, akamjibu kwamba safari ilikuwa salama. Ni Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa ndani ya gari tunangoja barafu iyeyuke kwenye kioo, ndipo aliponiambia. Siku ya kwanza walipanda mpaka mwanzo wa miti. Kiongozi alianza kushuka. Mume wangu akasimama juu, miguu ikakataa. Si kwamba alitetemeka, haikusogea tu. Kiongozi alipanda tena, akamvua skii kama mtu anavyomvua mtoto viatu, wakashuka kwa miguu. Siku zilizobaki wenzake walikwenda mlimani naye alibaki kijijini, akimsaidia mke wa kiongozi kuwapa ng'ombe nyasi kavu na kuvunja barafu kwenye pipa la maji.

"Walikuwa wema," alisema. "Hawakunicheka hata kidogo. Ingekuwa heri wangecheka."

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimeomba hilo hilo kwa miezi, kwamba mlima umkatae arudi nyumbani. Badala yake nilimtazama mtu huyu aliyekuwa akifungua pazia asubuhi na kuniita nione, amekaa nyuma ya usukani na glavu mkononi, nikamwonea huruma ambayo haikunipendeza. Niliweka mkono wangu kwenye bega lile lenye vyuma. Hakuuondoa, wala hakunigeukia.

Tangu wakati huo hatujagombana. Anakwenda kazini, anarudi, anamsaidia mtoto hesabu. Theluji ikianguka anatoka na koleo kusafisha njia ya jirani yetu mzee kabla ya yetu. Kwenye vilima vya kusini nakwenda mimi, peke yangu, siku nisizo na zamu. Napanda. Nikifika juu nasimama kidogo, halafu nashuka polepole, bado bila ustadi wowote. Kule juu, pumzi ikiwa imejipanga, nimejikuta mara nyingi nikifikiri juu ya wale watu wawili niliorithishwa: baba aliyetaka kwenda kuangalia tu, na mama aliyebaki chini. Sijui mimi nimemfuata nani. Mama anajua kwamba nakwenda. Hajaniuliza kwa nini.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuwa anapanga vitu kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alipanda jikoni nyusi zimejaa vumbi, akajimiminia chai.

"Zile skii," alisema, "nafikiri niziuze. Zinachukua nafasi."

"Zako uza," nilimwambia. "Zangu ziache."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaniomba nimpitishie sukari.